Rukhsa, haja au dharura? Pima shida yako kabla ya kuipa jina

Mtu anataka mkopo wa benki amalizie nyumba, anasema ni dharura. Mwingine ana kisukari na mwezi wa Ramadhani umeandama; naye dharura. Wa tatu amevunjika mkono, kafungwa plasta ngumu na hajui atatawadha vipi. Hiyo pia dharura. Kwa mizani ya fikihi (elimu ya hukumu za Kiislamu), huenda hata mmoja wao hajafikwa na dharura. Wawili wana rukhsa. Mmoja ana haja, na haja yake yenyewe ina walakini.

Kukosea hapa kunaumiza pande mbili. Kuna anayejifungulia asichofunguliwa, na kuna anayejinyima alichopewa. Huyu wa pili husahaulika. Katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud kutoka kwa Jabir, mtu mmoja alipasuliwa kichwa kwa jiwe wakiwa safarini, kisha akaota ndoto iliyompasa kuoga janaba. Akawauliza wenzake kama ana rukhsa ya kutayamamu, yaani kujitoharisha kwa udongo badala ya maji. Wakamwambia hana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari alisema wamemuua, na kwamba tiba ya asiyejua ni kuuliza.

Suyuti, mwanazuoni wa Kishafii wa Misri aliyefariki mwaka 911 Hijria (1505), amezipanga hali za mtu katika daraja tano, kuanzia dharura hadi anasa za ziada. Zinazogusa maamuzi mazito ni mbili za juu, dharura na haja. Kando yake zipo rukhsa za nyudhuru zilizotajwa na sharia yenyewe, kama safari na ugonjwa. Wanausuli, wanazuoni wa misingi ya fikihi, huita rukhsa hata kula mzoga, lakini hapa neno hili limebanwa kwa nyudhuru hizo, ambazo hazimtaki mtu awe anakaribia kufa. Hukumu zinazofuata ni za madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, isipokuwa pale madhehebu mengine yatakapotajwa.

Maswali ya kupimia

Kila daraja itaulizwa mambo matano. Kizingiti: shida ifike wapi ndipo ihesabiwe? Kinachofunguliwa: ni kitu gani hasa kinachoruhusiwa? Kipimo na muda: kwa kiasi gani, mpaka lini? Deni: shida ikipita, unabaki unadaiwa nini, na nani? Mwamuzi: nani anayesema “sasa imefika”? Swali la deni ndilo wengi hawaliulizi, na ndilo linalowasumbua baadaye.

Rukhsa

*Kizingiti.* Katika safari, udhuru ni safari yenyewe, si uchovu wake. Abiria wa treni yenye kiyoyozi anapunguza sala sawasawa na aliyekaa juu ya magunia kwenye lori. Masharti ni ya kuhesabika. Masafa yawe marhala mbili, yaani farsakh 16, ambazo wanazuoni wa leo huzikadiria kati ya kilomita 81 na 89. Mombasa hadi Malindi inafika. Dar es Salaam hadi Bagamoyo haifiki. Kupunguza huanza ukishavuka mpaka wa mji wako, si ukiwa bado stendi. Ukinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, safari imekwisha pale unapofika. Madhehebu ya Hanafi yanasema siku 15. Waibadhi, wa Oman na wa Zanzibar, masafa yao ni farsakh mbili tu, kama kilomita 12, na wanaendelea kupunguza maadamu hawajaufanya mji ule kuwa makazi yao. Usichukue masafa ya huku na siku za kule ukaviunga katika sala moja. Sala hiyo haitakuwa sahihi kwa yeyote kati yao.

Ugonjwa hauko hivyo. Si kila maradhi ni udhuru. Mafua ya kawaida hayafunguzi saumu. Kinachoangaliwa ni taabu kubwa isiyovumilika kwa kawaida, au khofu ya ugonjwa kuzidi au kuchelewa kupona.

*Kinachofunguliwa.* Ni kile kilichotajwa tu. Msafiri anasali adhuhuri, alasiri na isha rakaa mbili mbili, anaweza kujumuisha adhuhuri na alasiri, au magharibi na isha, anaweza kula mchana wa Ramadhani na kupangusa juu ya khufu (soksi za ngozi) siku tatu badala ya moja. Mgonjwa anasali ameketi au amelala, anatayamamu, anaacha kufunga. Rukhsa za namna hii hazifunguzi chakula cha haramu hata siku moja.

Tena rukhsa zenyewe hazilingani. Safari ikifika marhala tatu, kupunguza sala ni bora. Ikiwa chini ya hapo, kutimiza ni bora. Msafiri asiyedhurika kwa saumu, kufunga ndiko bora kwake. Mgonjwa anayekhofia kuangamia, kula ni wajibu, na akijikaza anapata dhambi badala ya thawabu. Na aliyesafiri kwa ajili ya maasi, sema kwenda kuiba, hana rukhsa yoyote ya safari mpaka atubu. Hanafi wanampa.

*Kipimo na muda.* Udhuru ukiondoka, ruhusa imeondoka. Mpakuaji wa bandarini au mvunaji asiye na budi kufanya kazi mchana wa Ramadhani hana ruhusa ya kuamka anakula. Ananuia usiku, anaanza siku amefunga, na taabu ikimzidia kweli ndipo anafungua.

*Deni.* Mgonjwa anayetarajiwa kupona analipa siku kwa siku. Mzee asiyeweza tena kufunga, na mgonjwa asiyetarajiwa kupona, hawalipi saumu. Wanatoa fidia ya mudi moja ya chakula kikuu cha mji kwa kila siku. Kwa mchele, wengi huikadiria mudi kati ya gramu 600 na 750. Mjamzito au anayenyonyesha akiacha kufunga kwa kujikhofia mwenyewe, analipa saumu tu. Akiacha kwa kumkhofia mtoto peke yake, analipa saumu na mudi kwa kila siku. Anayechelewesha malipo bila udhuru hadi Ramadhani nyingine ikamkuta, anaongeza mudi kwa kila siku aliyoichelewesha.

Sasa plasta, kwa sababu hapa ndipo makosa huwa mengi. Chukua mkono uliofungwa kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko. Mgonjwa anaosha uso kama kawaida. Akifika kwenye mkono ule anafanya mambo matatu: anaosha kila sehemu iliyo wazi, vidole na kilichobaki hadi kiwiko; anapitisha maji juu ya plasta yote; na anatayamamu kwa ajili ya ngozi iliyofunikwa. Ndipo aendelee na kichwa na miguu. Faradhi inayofuata ikimkuta bado ana udhu, anarudia kutayamamu tu. Halafu plasta inatolewa, na deni linajitokeza. Ikiwa ilikuwa usoni au mkononi, ambavyo ni viungo vya tayamamu, anarudia sala zote za faradhi alizozisali nayo. Ikiwa ilikuwa mguuni harudii, kwa sharti ilifungwa akiwa na tohara na haikufunika ngozi isiyoumia kupita inavyohitajika kuishikilia. Chumba cha majeruhi hakimwulizi mtu kama ana udhu, kwa hiyo wengi wa miguu nao huangukia kwenye kurudia. Kwa Hanafi anapangusa tu, hatayamamu wala harudii. Aliyekaa na plasta wiki sita na sala zake zimekuwa rundo ana haki ya kwenda kwa shekhe wake na kumwuliza kuhusu kauli hiyo, wala si kukwepa dini.

*Mwamuzi.* Ni wewe mwenyewe, pamoja na daktari kama ni ugonjwa. Hungoji fatwa kupunguza sala.

Inamfaa nani? Msafiri, mgonjwa, mzee, mjamzito. Hawa wakisema “dharura” wanajibebesha masharti yasiyowahusu.

Haja

*Kizingiti.* Mtu hafi, wala kiungo hakipotei, lakini maisha yanakuwa na dhiki isiyo ya kawaida. Mfano wa Suyuti ni mwenye njaa ambaye asipokula hatakufa ila atataabika. Hali hiyo haimhalalishii haramu. Inamruhusu kufungua saumu.

*Kinachofunguliwa.* Ipo kanuni inayopendwa sana: haja hushushwa mahali pa dharura, iwe ya watu wote au ya kundi maalumu. Imo katika kifungu cha 32 cha Majalla, sheria ya miamala ya dola ya Uthmania iliyokamilishwa mwaka 1876. Watu huinukuu kana kwamba inafuta mpaka kati ya daraja hizi mbili. Ukiangalia mifano yake utaona inafanya kazi sehemu mbili hasa.

Ya kwanza ni miamala ya watu wote ambayo kanuni za jumla zingeizuia. Usiuze usichonacho, ndiyo kanuni. Lakini Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakilipana leo kwa matunda ya mwaka mmoja au miwili ijayo. Hakuizuia biashara ile ya salam. Aliiwekea masharti: kipimo kijulikane, uzito ujulikane, muda ujulikane. Kukodisha nyumba nako ni kuuza manufaa ambayo bado hayajakuwepo, na bila ya hapo mji hauendi.

Ya pili ni mambo yaliyozuiwa kwa sababu ya pambo au ya kile yanachopelekea, si kwa dhati yake. Zubayr na Abdurrahman bin Auf waliruhusiwa kuvaa hariri kwa sababu ya muwasho. Arfaja, aliyekatwa pua vitani, alitengeneza ya fedha ikanuka. Mtume akamwambia atengeneze ya dhahabu. Shafii wameupima mlango huu kwa kitu kidogo kama kiraka cha fedha kwenye chombo kilichopasuka. Kiraka kidogo kwa haja, hakuna neno. Kikubwa kwa haja, au kidogo kwa pambo, ni makuruhu, yaani kinachukiza bila kuwa haramu. Kikubwa kwa pambo, haramu. Haja haipo peke yake. Inapimwa na ukubwa wa kile unachokigusa.

Riba, nguruwe na pombe havimo katika sehemu hizo mbili. Hapo ndipo kanuni hii inapovutwa kupita urefu wake.

*Kipimo na muda.* Haja ya umma ikishakubaliwa huwa hukumu ya kudumu: hata tajiri asiye na shida anaruhusiwa kununua kwa salam. Haja ya mtu mmoja huondoka na sababu yake. Matibabu yanaonyesha ngazi zake vizuri. Mgonjwa mwanamke hutafutiwa kwanza mwanamke. Akikosekana, mwanamume, na awepo mume, maharimu au mwanamke mwaminifu. Kutazama uso na viganja, haja ndogo yatosha. Sehemu nyingine za mwili, maradhi yafike kiwango cha kuruhusu kutayamamu. Tupu, haja iwe nzito zaidi ya hapo. Na kinachofunuliwa ni pale penye ugonjwa. Goti linauma, hakuna sababu ya kuvua nguo zote.

*Deni.* Kwa kawaida hakuna. Yanayobaki ni masharti ya muamala wenyewe: salam bila kulipa fedha zote pale pale kwenye kikao imeharibika, haidhuru haja ilikuwa kubwa namna gani.

*Mwamuzi.* Hapa mtu haachiwi peke yake. Haja ya mwili huthibitishwa na daktari, haja ya soko na wanazuoni pamoja na wajuzi wa soko. Nafsi ina ufundi mkubwa wa kuita tamaa haja.

Inamfaa nani? Mgonjwa anayehitaji kufunuliwa au kutumia kifaa chenye kuzuiliwa, mfanyabiashara aliye ndani ya muamala mgumu kuukwepa, na kundi zima lililozibiwa njia za halali.

Dharura

Qur'ani imeitaja katika al-Baqara 173, al-Maida 3, al-An'am 119 na 145, na an-Nahl 115. Aya zinafunga sharti ndani ya ruhusa: aliyelazimika, bila kutamani wala kupita kiasi.

*Kizingiti.* Khofu ya kufa, ya kupoteza kiungo au matumizi yake, ya ugonjwa wa hatari, au ya kushindwa kuendelea na msafara hali anayebaki nyuma ataangamia. Haitakiwi yakini, dhana yenye nguvu inatosha. Wala si lazima mtu angoje afike kwenye roho ya mwisho. Mafakihi wa Kishafii wanasema kinyume: akifika hali ambayo kula hakutamfaa tena, kula mzoga hakumhalalikii, maana hatari haiondoki kwa hicho. Hatari iwe iko sasa, isiwe ya mwezi ujao. Halali iwe haipatikani. Na kile kinachoguswa kiwe kweli kinaiondoa hatari ile.

*Kinachofunguliwa.* Mzoga, damu, nguruwe, najisi. Kwa kauli yenye nguvu kula hapo ni wajibu, si hiari. Pombe imebanwa zaidi: aliyekwamwa na tonge kooni asipate cha kuteremshia ila pombe, anaiteremshia, tena ni lazima. Kwa kiu haifai, kwa sababu huongeza kiu. Kwa tiba, pombe tupu haifai. Iliyochanganywa na kuyeyukia ndani ya dawa inafaa kama hakuna badala yake.

Mfa maji hushika maji, lakini sharia haimruhusu kumzamisha mwenzake. Kumuua asiye na hatia hakufunguliwi na dharura wala kwa kulazimishwa. Aliyetishiwa “muue fulani au nikuue” akaua, kwa kauli yenye nguvu ya Shafii kisasi kinamhusu yeye pamoja na aliyemlazimisha. Zinaa nayo haihalaliki. Kutamka neno la kufuru huku moyo umetulia juu ya imani kumeruhusiwa katika an-Nahl 106, ingawa kuvumilia ni bora.

*Kipimo na muda.* Dharura hupimwa kwa kadiri yake. Shafii wanasema ale cha kuzuia roho isitoke, ila akikhofia kwamba asiposhiba ataangamia kabla ya kufika penye chakula. Malik anasema ale ashibe na achukue masurufu, akipata halali atupe. Tofauti hii si ndogo kwa aliye jangwani: anayejua njia imebaki siku moja si sawa na aliyepotea.

*Deni.* Dhambi inaanguka, haki ya mtu haianguki. Kifungu cha 33 cha Majalla kinatoa mfano wa mwenye njaa aliyekula mkate wa mtu: baadaye anamlipa thamani yake. Kwa sababu hiyo Shafii wanamtaka aliyepata mzoga na chakula cha mtu asiyekuwepo ale mzoga. Kwenye mzoga hakuna anayemdai. Mwenye chakula akiwepo, naye hana dhiki, analazimika kumpa, lakini kwa bei.

Mfano unaoeleweka zaidi pwani ni jahazi. Limepigwa na dhoruba, maji yanaingia, lisipopunguzwa shehena litazama na watu wake. Kutupa mizigo baharini ili roho zisalimike ni wajibu. Aliyetupa marobota ya mwenzake bila idhini atayalipa wakifika nchi kavu. Mtu akimwambia mwenye mizigo “tupa mizigo yako, mimi nitakulipa,” ahadi hiyo inamfunga. Na mizigo ikiisha na jahazi bado linazama, hakuna mtu anayetupwa, hata kwa kura, hata mmoja kwa ajili ya ishirini. Dhara haiondolewi kwa dhara iliyo mfano wake.

Hata pale adhabu inapoanguka, kusamehewa adhabu na haki ya mtu havichanganywi. Umar bin al-Khattab hakukata mikono ya wezi mwaka wa ukame mkubwa, 18 Hijria. Mali ya mtu haikuwa halali kwa sababu hiyo.

*Mwamuzi.* Ni aliyefikwa. Saa ile hakuna wa kuulizwa. Ndiyo maana masharti yake yanafaa kujulikana mapema.

Inamfaa nani? Aliye kwenye hatari ya sasa hivi. Ni wachache, na kwa muda mfupi.

Daraja tatu juu ya tatizo moja

*Dawa.* Mwenye kisukari anayeuliza kuhusu saumu yuko kwenye rukhsa. Anayetumia insulini mara kadhaa kwa siku, au aliyewahi kuzimia kwa kushuka sukari karibuni, yuko katika kundi la hatari na azungumze na daktari kabla ya mwezi kuingia, si siku ya tatu ya mfungo. Akifunga, apime: sukari ikishuka chini ya 70 (3.9 kwa mashine za milimoli) au ikipanda juu ya 300 (16.7), afungue papo hapo. Kuchoma kidole hakufunguzi saumu, na kwa wengi wa wanazuoni sindano ya insulini chini ya ngozi nayo haifunguzi.

Kapsuli yenye gelatini ya nguruwe ni suala jingine. Kikao cha wanazuoni na madaktari kilichofanyika Kuwait mwaka 1995 kilichukua rai kwamba gelatini imegeuka umbo na kutoharika. Shafii hawaipokei hoja hiyo kirahisi. Kwao kinachotoharika kwa kugeuka ni kama pombe inayojigeuza siki, na ngozi ya nguruwe haitohariki hata ikidabighiwa, yaani ikitengenezwa kwa dawa za ngozi. Lakini wana njia nyingine: kutibu kwa najisi kunaruhusiwa pale dawa iliyo tohara isipofanya kazi ile, kwa kauli ya tabibu anayeaminika. Basi mwulize mfamasia kwanza kama dawa hiyohiyo ipo kwa vidonge vya kawaida, au kapsuli za mimea. Mara nyingi ipo.

Heparini ni mfano wa dharura. Hutolewa kwenye utando wa utumbo wa nguruwe na huzuia damu isigande. Ipo badala yake ya maabara, fondaparinuksi, lakini haimfai kila mgonjwa, hasa mwenye figo mbovu, wala haipatikani kila hospitali. Mgonjwa ana bonge la damu mapafuni usiku huu: achomwe. Kesho hali ikitulia, aulize habari ya badala.

*Mkopo wa nyumba.* Asiye na nyumba yake ila anaweza kupanga hana dharura; paa analo. Je, ana haja? Mwaka 1999 Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti, kwa wingi wa kura, liliwaruhusu Waislamu wa Ulaya mkopo wa riba kwa nyumba ya kukaa wenyewe, kama hawana nyingine, hawana fedha za ziada na njia ya halali haipo. Waliopinga walikuwepo ndani na nje ya baraza. Jopo la Fikihi la Jeddah lilikuwa limeshasema mwaka 1990 kwamba nyumba ni hitaji la msingi, na kwamba mikopo ya riba ya kuijenga, iwe riba ndogo au kubwa, ni haramu.

Msomaji wa London au Stockholm ana rai mbili za wanazuoni mbele yake na mtu wa kumwuliza. Msomaji wa Mombasa au Kariakoo anapoinukuu fatwa ile ya Ulaya anasahau sharti lake la mwisho. Kenya ina benki inayofuata sharia kama Gulf African tangu 2008, Tanzania ina Amana tangu 2011, na benki nyingine za kawaida zina madirisha ya Kiislamu. Kwamba huko malipo ya mwezi yanazidi kidogo hakuitwi kukosekana kwa njia. Aliye kijijini asikofika wakala wa benki yoyote kati ya hizo ana hoja bora kuliko aliye mjini, lakini naye bado anaweza kujenga chumba kimoja kimoja, kama nyumba nyingi za huku zilivyojengwa.

Kwa hali yako

Uko safarini au unaumwa, na swali ni la ibada: tumia rukhsa. Hakikisha masafa, siku na kauli ya daktari, kisha usijidhikishe.

Unatakiwa kufunuliwa mwili, kuwekewa kifaa, au uko ndani ya muamala wa kazi ambao kanuni inausumbua: hiyo ni haja. Andika swali lako lote, pamoja na njia ulizozijaribu zikashindikana, ulipeleke kwa kadhi, ofisi ya mufti au mwanazuoni unayemwamini. Swali nusu huzaa fatwa nusu.

Swali lako ni la riba, nawe huna hatari ya roho: anza na chama cha kuweka na kukopa kisicho na riba, kukopa kwa ndugu, dirisha la Kiislamu, kupanga. Zikiziba zote ndipo ufike kwa mufti, wala usijipe jibu.

Mtoto anahitaji upasuaji usiku huu, hospitali inataka fedha na aliyepatikana ni mkopeshaji wa riba tu: umefika kwenye dharura. Piga simu za ndugu na za msikiti, mwombe ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, omba kulipa kidogo kidogo. Zikishindikana, kopa kiasi cha bili na si shilingi ya zaidi, na ulimalize deni mapema uwezavyo ili riba isiendelee kukua.

Umetishiwa ufanye jambo: angalia kama anayetisha anaweza kulitimiza, kama tishio ni la sasa na si “nitakuona kesho,” na kama huna pa kukimbilia wala wa kukuokoa. Moja likikosekana, hujalazimishwa. Na jambo lenyewe likiwa ni roho ya mtu, jibu ni hapana kwa vyovyote.

Shida imepita: chukua karatasi uandike siku za saumu unazodaiwa, mudi ngapi, sala za kurudia, na mali ya nani uliyoigusa. Anza na ya mtu.